Simu Niliyompa Mwosha

Assalaam alaykum, mama zangu na dada zangu. Sogeeni kivulini, na hao wa nyuma wapeni jamvi. Simu zenu zizimeni. Yangu mie nimeiacha wazi, ipo hapa chini ya paja, na ikilia msinitolee macho. Mtaelewa kabla chai haijamiminwa.

Leo ni zamu ya nyumba yangu kupokea darsa, na ndiyo mara ya kwanza mnaniona na kanga ya rangi tangu mume wangu atangulie mbele ya haki. Mwalimu wetu kaniambia, wewe umetoka eda, wape wenzio neno. Mie sijasoma. Shule niliiacha mapema nikashika sindano ya kofia, na sindano haifundishi kupamba maneno. Nitasema lilivyokuwa. Jina la mtu sitalitaja, ingawa wengine wenu mtajitambua. Mkijitambua, kaeni kimya.

Mnaijua nyumba hii. Tulikuwa watatu: mie, mume wangu, na mjukuu wangu wa kike. Mama yake yuko Oman anafanya kazi. Mjukuu miguu yake haimbebi tangu utotoni, anakaa kwenye kiti cha magurudumu, na mchanga wa mtaa wetu mnaujua wenyewe. Magurudumu yakifika pale kwenye kona ya mashine ya kusaga yanazama mpaka katikati. Kwa hiyo binti yule anakaa ndani. Mdomo wake ndio unaotoka nje. Anatukana kwa adabu, kama babu yake.

Binti yule ana duka. Duka lenyewe halina mlango wa bati wala meza. Liko ndani ya kompyuta.

Naona mnakunja nyuso. Hata mie nilikunja. Basi nawaeleza kama nilivyoelezwa, na mie nilielezwa mara nyingi.

Kuna mchezo. Watu wa nchi zote wanaingia humo, na kila mmoja ana mwanasesere wake. Anamtembeza mjini, anamkimbiza, anampeleka kwenye sherehe. Na mwanasesere naye, kama binti yeyote wa mtaa huu, hataki kurudia nguo. Basi mjukuu wangu anachora nguo. Magauni, makoti, vilemba. Anaziweka dukani kwake humo humo mchezoni, na watu wanakuja kununua au kubadilishana naye vitu vingine. Anachopata kinamnunulia umeme wake, dawa zake, na hiyo intaneti. Hamwombi mtu.

Mie nilikuwa nikimwambia, "Nguo gani hizo zisizofuliwa?"

Ananijibu, "Ndiyo uzuri wake, Bibi. Hazichujuki."

Sasa humo nako kuna wezi. Mtu anapata neno lako la siri, anaingia, anahamisha kila ulichonacho, unabaki na duka tupu. Wenye mchezo wakaweka sharti. Anayetaka kuuza au kubadilishana lazima aandikishe namba ya simu. Kila nguo inapotaka kutoka dukani, ujumbe unakuja kwenye simu ile, una namba za kuthibitisha, na lazima mtu abonyeze pale palipoandikwa kubali. Asipobonyeza, nguo haitoki. Mwenyewe unaiona pale, lakini huwezi kumkabidhi mtu.

Alipofungua duka, binti alikuwa hajafikisha umri wa kitambulisho, na laini ya simu bila kitambulisho na kidole hupati. Babu yake akasema, "Andika yangu." Basi simu ya mume wangu ikawa ndiyo komeo la duka.

Na yule mzee alifurahi! Mtu aliyestaafu, asiye na wa kumwamrisha, sasa kapewa ulinzi. Simu ikilia yuko barazani, anaacha mazungumzo ya wenzake, anaingia ndani anatafuta miwani, anasimama mlangoni kwa mjukuu.

"Nikubali?"

"Subiri, Babu, nitazame mnunuzi. Haya, kubali."

Anabonyeza kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama anapiga muhuri. Halafu anarudi barazani kifua mbele. Wenzake wakimuuliza alikuwa wapi anawaambia, "Kazini."

Mie jikoni nasonya. Nilikuwaga nikiwaona wawili hawa wamepata mchezo wa kitoto, basi.

Mume wangu alifariki. Presha ilimpanda, akalala, hakuamka. Hilo sitalisema sana, mlikuwepo, mlipika, mlilia na mie, Mungu awalipe. Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna kupita kizingiti. Nikakaa kizuka kama mama yangu alivyokaa, na mama yake.

Siku ya kumaliza matanga nikatoa vya marehemu. Kwetu mwosha aliyemsafisha maiti ndiye anayepewa nguo zake na vya mkononi mwake. Nikapanga juu ya mkeka: kanzu, shuka, viatu, saa. Na simu.

Mjukuu akasogeza kiti chake mpaka magurudumu yakagusa mkeka.

"Bibi, simu usitoe."

Nikamwambia, "Mtoto haongei mbele ya vitu vya marehemu."

"Bibi, ile ndiyo namba ya duka."

"Wewe si una simu yako, kubwa kuliko hii? Vya marehemu havikai ndani ya nyumba."

Akarudisha kiti chake nyuma. Watu walikuwa wamejaa ukumbini, na binti huyu hawezi kunivunjia heshima mbele za watu. Hilo nililijua, ndiyo maana nikasema kwa sauti ya juu. Mwosha akafunga kila kitu kwenye shuka, akaomba dua, akaondoka.

Ndugu zangu, nawaambia, sikulala na wasiwasi wowote. Niliona nimefanya jambo kama linavyotakiwa.

Wiki zikaenda. Mnazijua siku za eda zilivyo. Asubuhi unaisikia barabara, huioni. Unasikia muuza samaki anaita, unajua sauti yake imetoka upande wa msikitini, unajua sasa yuko kwa mama fulani, unajua hatafika kwako maana anajua hutoki. Nilitazama ukuta ule mpaka nikaujua nyufa zake zote. Kofia niliyokuwa namshonea mume wangu nilikuwa nimeifikisha zaidi ya nusu. Nikaiweka chini ya mto. Ningemshonea nani?

Hapo ndipo nilipoanza kuona kuwa mjukuu naye yuko kimya. Si kawaida yake. Kompyuta imefungwa. Chakula anakigusa anakiacha. Siku moja nikamsikia anapiga simu, anasikiliza, anakata, anapiga tena.

"Unampigia nani?"

"Babu."

"Unapiga simu ya marehemu? Una akili?"

"Napiga simu, Bibi. Kuna mtu anayo. Mwanzo ilikuwa inaita, haipokelewi. Sasa haipatikani kabisa. Kila siku najaribu kutoa nguo dukani ili ujumbe wa namba uende kwenye ile simu. Nasema labda aliyenayo atauona ajiulize, huyu anayebisha hodi ni nani."

Ndipo akanieleza, na safari hii nilisikiliza kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Kuna kundi la wachezaji wa mbali, nchi yao hata jina sikulishika. Walikuwa na sherehe yao kubwa mchezoni, wakamwagizia sare. Ndiyo, sare! Hata huko watu wanavaa sare. Alikuwa ameichora, imekamilika, imekaa dukani, na wenyewe walishaweka vitu vyao vya kubadilishana upande wa pili. Kilichobaki ni kubonyeza kubali. Simu haipo. Na wenye mchezo wameshamwandikia: kama mzigo haukabidhiwi mpaka mwisho wa mwezi, watamhesabu kuwa tapeli na duka litafungwa, na kila alichowahi kuchora kitabaki humo humo ndani, hatakigusa tena.

"Waambie babu amefariki," nikasema.

"Nimewaambia. Anayejibu si mtu, Bibi, ni mashine. Inaniambia: thibitisha kwa simu yako."

Nikamwita mwanangu wa Kinyerezi. Akaja na moyo wake mzuri na kichwa chake kigumu. "Kumbe ni simu tu? Mjomba atakununulia mpya kesho."

"Mjomba, si simu. Ni ile namba."

"Basi tukairudishe namba."

Akaenda ofisi ya kampuni ya simu, na cheti cha kifo mkononi. Wakamuuliza, mwenye laini yuko wapi, aje aweke kidole. Akasema yuko makaburini. Wakasema basi leteni karatasi ya mirathi kutoka mahakamani. Akaenda mahakamani kuulizia. Wakamwambia, mjane lazima afike mwenyewe. Akasema mjane yuko eda. Karani, Muislamu mwenzetu, akamwambia kwa upole, "Basi kaka, tusubiri mama atoke."

Mnaona ulivyojifunga? Duka linataka simu. Simu inataka kidole cha marehemu. Kidole cha marehemu kinataka mahakama. Mahakama inanitaka mie. Mie nimekatazwa na eda. Na mwisho wa mwezi haumsubiri mtu.

Mmoja wenu hapa, sikutaji, aliniambia, "Lakini sheria inaruhusu kutoka mchana kwa dharura." Najua inaruhusu. Hata ningetoka, mahakama haitoi karatasi kwa siku moja. Ningevunja utaratibu wangu na bado nisingepata kitu.

Njia ilikuwa moja tu, na wote ndani ya nyumba tuliijua, na hakuna aliyeitamka. Kumwendea mwosha kuiomba ile simu.

Sasa nyie mnaosema "si ungeiomba tu", ngojeni. Kile si kitu nilichomwazima. Nilikitoa kwa ajili ya mume wangu, mbele ya watu, na dua ikasomwa juu yake. Kwenda kusema nirudishie ni kumwambia maiti nilikutolea, nimeghairi. Ni kumwambia mwosha ulichostahili kwa kazi ile nimekionea choyo. Mwanangu aliposema, "Mama, acha niende kwake," nilimwambia, "Ukienda, usinizike."

Ndiyo, nilisema hivyo. Nimewaambia sipambi.

Mjukuu alikuwepo, alisikia. Mjomba wake akaondoka. Mie nikajilaza, nikaanza malalamiko yangu ya kila siku: kifua kinabana, ukuta unanikaribia, hata kiti cha barazani nimekitamani, lini nitaiona barabara. Binti akageuza kiti chake akanitazama.

Akasema, "Bibi, pole. Lakini eda yako ina mwisho."

Nikainuka nikakaa.

"Wewe unahesabu siku, siku zinapungua. Mie mchanga ule haupungui. Nilikuwa na dirisha moja, Bibi. Nilikuwa natoka kupitia pale kila siku, natembea, nawauzia watu, wananijua kwa kazi yangu. Hilo dirisha umempa mwosha."

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha, ningemkemea, na nikishakemea huwa napona.

Mama zangu, mie si mtu wa machozi. Lakini nilikaa pale na nguo yangu nyeupe nikaona kuwa ndani ya nyumba hii kuna mtu anayekaa ndani miaka yote, na mie niliyefungiwa miezi minne nimejaza nyumba malalamiko. Nilikuwa simwoni amefungwa kwa sababu hajawahi kulalamika.

Halafu nikamwambia, "Nionyeshe hilo dirisha."

"Huwezi kuuza, lakini kuona unaweza," akasema. Akafungua kompyuta. Nikavaa miwani ya marehemu, iliyosahaulika siku ile ya kutoa vitu, maana yangu haisomi. Nikaona duka. Kweli ni duka! Nguo zimetundikwa, wanasesere wanapita wanageuka wanatazama. Akanionyesha ile sare. Joho refu, na shingoni na mikononi limezungushiwa nakshi.

Nikasogea. Nikasogea tena, pua ikagusa kioo.

"Hiki si kiua changu?"

Kuna kiua ninachoshona kwenye kofia za mkono, nilifundishwa na mama, kina macho madogo yanayozunguka kama yanafukuzana. Mafundi wa kofia mliopo hapa mnakijua, mnasema kinaumiza macho. Kilikuwa pale, kwenye shingo ya kila joho.

"Ndicho wanachokipenda kuliko vyote," akasema. "Wananiuliza umekitoa wapi. Nawaambia kwa bibi yangu. Babu ndiye aliyesema nikiweke. Alivua kofia yake akaiweka hapo mezani nikaichora."

Yule mzee hakuniambia. Alikuwa ananiona nasonya jikoni, akaniacha nisonye.

Nikachukua kofia iliyokuwa chini ya mto. Nikaomba uzi. Nilishona mpaka ikaisha. Halafu nikamwita jirani yangu wa mlango wa pili, huyu aliyekuwa akiniletea uji kipindi chote cha eda, nikamwambia, "Niitie mwosha."

Akaweka mkono kifuani. "Nani tena?"

"Hajafa mtu. Mwite."

Lakini nani wa kuwaambia watu wa mtaani? Mwosha akionekana anaingia nyumba ya watu mchana kweupe, kila mwanamke anajifunga kanga. Kabla hajafika uani, nje nasikia, "Ni yule binti?" "Hapana, ni bibi, alikuwa hali chakula." Mmoja alishaanza kuinua sauti ya kilio, jirani akamziba mdomo. Mnacheka? Wewe unayecheka sana ndiye uliyekuja na sufuria la kupikia matanga yangu!

Tulifunga pazia pale ukumbini. Mie ndani, mwosha nje, mjukuu katikati kwenye kiti chake.

"Assalaam alaykum, mama. Nimeambiwa nije. Nani katangulia?"

"Wa alaykumu ssalaam. Hakuna, baba. Kaa. Nina jambo la aibu."

Nikasikia kiti kinalia. Nilishapanga maneno, yote yakapotea. Nikasema moja kwa moja, "Ile simu niliyokupa. Naiomba irudi. Najua haiombwi. Binti huyu kazi yake yote imefungiwa humo, na mie ndiye niliyeitoa akinikataza. Kama kuna lawama ni yangu, marehemu hana."

Kiti kikalia tena. Nikajua amechukia. Nikawa naisikia tayari inavyozungumzwa barazani msikitini.

Halafu nikasikia mtu anashusha pumzi, ndefu, kama aliyetua gunia.

"Mama," akasema, "mie tangu nimepewa ile simu sijalala vizuri."

"Kwa nini?"

"Inaita! Nimemwosha mtu kwa mikono yangu hii, nimemvika sanda, nimemshusha. Nafika nyumbani, simu yake inaita. Nipokee niseme nini? Anayemtafuta nimwambie subiri? Sikupokea. Halafu zikaanza kuja namba. Namba tupu! Kila siku namba, hazina salamu, hazina jina. Nikasema huyu mzee kuna kitu ananidai nimekosea kwenye josho lake. Nikasoma Yasini juu ya simu. Namba zikaja. Nikaizima nikaipeleka chumba cha jeneza msikitini, nikaifunika."

Mjukuu alikuwa ameshaziba uso kwa mikono, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Anacheka!

"Mzee," akasema, "ni mie nilikuwa nabisha hodi."

"Wewe? Subhanallah! Umenipunguzia mwili, binti!"

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini hukuirudisha?"

"Ningerudishaje, mama? Kitu cha marehemu, umekitoa kwa mkono wako mbele za watu. Nije niseme sikitaki? Ungeona nimedharau. Nimepita mlangoni hapa mara ngapi, nafika kwenye ngazi nageuka."

Basi ndiyo hivyo, ndugu zangu. Mie nimefungwa huku ndani kwa heshima, yeye kafungwa huko nje kwa heshima hiyo hiyo, na mtoto kakaa katikati duka lake linakufa. Ukuta wenyewe ulikuwa pazia la kitambaa.

Nikaipitisha kofia chini ya pazia. Nikamwambia, "Hii nilimshonea yeye. Simu haikuwa yangu kuitoa, hii ni yangu. Ichukue mahali pake." Akaichukua. Sikumwona, lakini mjukuu anasema aliivaa pale pale, na ilimtosha.

Simu ikaja ikiwa na harufu ya udi wa msikitini. Ikawekwa chaji. Laini ilikuwa bado hai. Ilipowaka zikaingia zile namba zote alizokuwa akizituma, moja juu ya nyingine, mpaka simu ikawa inatembea mezani. Halafu ukaja ule ujumbe wa sare. Unauliza: Je, ni wewe?

Binti akanipa. "Bonyeza, Bibi."

Nikakataa. Simu ya mume wangu inauliza ni wewe, nami niseme ndiyo? Huo ni uongo.

Akaniambia, "Haimuulizi Babu. Inamuuliza mwenye duka. Babu alikuwa anasimama mlangoni tu."

"Basi bonyeza mwenye duka."

Akabonyeza. Sare ikatoka. Mwisho wa mwezi ulikuwa haujafika, lakini ulikuwa unaonekana.

Hakuishia hapo, maana ana akili. Ile laini ni ya marehemu, siku moja itazimwa, na hatukutaka kuendelea kujificha nyuma ya jina lake. Siku hiyo hiyo akaingia kwa simu ya babu yake akabadilisha namba, akaandikisha yangu mie, akisema duka bado linataka mlinzi mlangoni. Wenye mchezo wakakubali, lakini wakamwekea sharti jingine. Kwa kuwa komeo limebadilishwa, nguo zote zikae ndani kwanza, zisiuzwe wala kubadilishwa kwa muda, mpaka waridhike kuwa duka halijaibwa. Alisoma, akacheka mpaka akakohoa.

"Bibi, duka langu limewekwa eda!"

Nikamwambia, "Vizuri. Likae. Kutazamwa kwanza si kosa."

Tukakaa eda pamoja, mie na duka. La kwake liliisha kabla ya yangu, na alinitambia kila siku mpaka nilipotoka. Nami nilipotoka, kitu cha kwanza nilichofanya si kwenda sokoni. Nilimchukua mwanangu wa Kinyerezi na vijana wawili, wakamwaga kifusi na kupanga matofali kutoka mlango huu mpaka kwenye ile kona. Bado hayajafika barabara kubwa. Yatafika.

Namshukuru Mungu kwanza. Namshukuru mwosha, mtu aliyeitunza amana aliyokuwa anaiogopa. Namshukuru jirani yangu kwa uji na kwa kumziba mtu mdomo. Namshukuru mwanangu kwa miguu yake aliyoimaliza maofisini. Mume wangu namwombea. Alilinda mlango wa mtoto bila kujisifu, ila pale barazani.

Neno langu ni fupi. Kutoa vya marehemu ni jambo jema, toeni, msiviweke vikaoza kabatini. Lakini kabla hujafunga shuka, wageukie walio hai ndani ya nyumba, hata aliye mdogo, hata asiyesimama, umuulize: hiki kinafungua nini? Na akikujibu, usipandishe sauti kwa sababu watu wamejaa. Sikiliza.

Haya, chai... Ngojeni. Mnaisikia? Inalia. Msinitazame, nimeshawaambia. Miwani yangu iko wapi? Nipe hiyo, ya mzee.

Wewe binti, huko dirishani! Nikubali?

Mmesikia? Anasema nisubiri, anamtazama mnunuzi. Basi tusubiri. Chai haipoi upesi.

Haya. Kasema nikubali.